Kilomita 80 kati ya mgonjwa na mashine

Kwa wiki tano nilikuwa nikimsindikiza mama mdogo Ocean Road, Dar es Salaam, kupigwa mionzi. Siku ya kwanza walimchora mistari ya wino ubavuni, wakamwonya mambo mawili: asiifute anapooga, na asikose hata siku moja. Mionzi haitaki kurukwa. Ukikatiza dozi, uvimbe unapata nafasi ya kuota upya. Basi tulikuwa tunaondoka nyumbani Mbagala saa kumi na moja alfajiri, na tukifika tunakuta benchi limejaa watu wa Kigoma, Singida na Lindi, waliokuja kulala kwa ndugu zao mjini ili wawahi foleni. Kila mmoja na bahasha yake ya kaki mapajani. Shida zilikuwepo nyingi: nauli, chakula, dawa za kununua nje. Lakini kati yetu na ile mashine hakuna mwanajeshi aliyesimama kutuuliza kibali.

Jengo kongwe la Ocean Road lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walikuwa na hospitali yao, ile ya Sewa Haji. Leo ni taasisi ya saratani ya Watanzania wote. Ina ndugu yake mbali kidogo, Yerusalemu Mashariki, juu ya Mlima wa Mizeituni. Inaitwa Augusta Victoria. Nayo ilijengwa na Wajerumani, ikafunguliwa mwaka 1910 kama nyumba ya kupokelea mahujaji, ikapewa jina la mke wa Kaisari Wilhelm II, Kaisari yuleyule ambaye askari wake walikuwa wametoka kuizima Maji Maji kusini mwa nchi yetu. Baada ya vita vya 1948 ikawa hospitali ya wakimbizi wa Kipalestina. Miaka ikapita, ikawa hospitali ambayo Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi na wa Gaza wanaitegemea kwa mionzi ya saratani, kwa sababu Gaza yenyewe haina huduma hiyo.

Kutoka jiji la Gaza hadi pale ni kama kilomita 80. Ni Dar hadi Bagamoyo na kipande kidogo cha ziada.

Nimeanza na hizo kilomita 80 kwa sababu ndizo zinazofungua fundo lote. Watu wengi wakisikia habari za afya ya Wapalestina wanawaza mabomu, majeruhi, na maboksi ya misaada. Hayo yapo, na nitayafikia. Ila ukianza na mabomu unaweza kudhani kwamba kabla ya Oktoba 2023 mgonjwa wa Gaza alikuwa mgonjwa kama mimi na wewe, halafu vita vikamkuta. Si hivyo.

Tuufuate mzunguko wenyewe jinsi ulivyokuwa miaka yote ile. Mama wa Gaza anagundulika ana saratani ya matiti. Daktari wake anamwandikia rufaa. Wizara ya Afya ya Palestina inakubali kulipa, hospitali ya Yerusalemu inatoa tarehe. Hadi hapo ni kama Ocean Road. Kisha maombi yanapelekwa kwa mamlaka za Israel ili apewe kibali cha kupita kivuko cha Erez, mlango wa kutokea Gaza kuingia Israel, ambacho Wapalestina wanakiita Beit Hanoun. Majibu ni ya aina tatu: amekubaliwa, amekataliwa, au ombi "linachunguzwa". Hili la tatu ndilo baya kuliko yote, kwani halikupi jibu wala halikupi sababu ya kukata rufaa. Tarehe ya hospitali inafika na kupita. Mama anaomba tarehe nyingine, anaanza upya. Wengine waliitwa kuhojiwa na maafisa wa usalama kwanza. Watoto wadogo walisafirishwa na bibi au shangazi kwa sababu baba na mama walinyimwa kibali cha kuwasindikiza, wakapigwa dawa kali za saratani bila kuuona uso wa mama yao.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilihesabu kwamba asilimia 54 tu ya maombi ya wagonjwa wa Gaza yalikubaliwa kwa wakati, kiwango cha chini kabisa tangu lianze kuhesabu mwaka 2008. Mashirika ya haki za binadamu, ya Kipalestina, ya Kiisraeli na ya kimataifa, yalitoa tamko la pamoja kwamba mwaka huohuo watu 54 walikufa baada ya vibali vyao kukataliwa au kucheleweshwa. Kati yao 46 walikuwa na saratani. Israel inasema uchujaji huo ni wa usalama. Lakini cheti cha kifo kitaandikwa "saratani", na hapo ndipo wengi tunapotelezea. Saratani ilikuwa na dawa. Iliyokosekana ni njia.

Ukingo wa Magharibi, ambako hakuna Erez, kuna utaratibu unaoitwa "mgongo kwa mgongo". Gari la wagonjwa lenye namba za Kipalestina haliruhusiwi kuingia Yerusalemu. Linafika kituo cha ukaguzi, linageuza tako. Upande wa pili linakuja gari jingine lenye namba za Israel, nalo linageuza tako. Milango ya nyuma inafunguliwa, na mgonjwa, pengine ana mpira wa oksijeni puani na dripu mkononi, anahamishwa machela hadi machela katikati ya barabara, juani au mvuani, huku askari wakikagua karatasi. Ukimwuliza mhudumu wa gari hilo kinachoua ni nini, atakutajia dakika.

Ndiyo maana wanaoitetea afya ya Wapalestina hawatosheki na neno "huduma za afya". Wanasema haki ya afya, na wanamaanisha kitu mahususi: afya ya mtu inatengenezwa na maji anayokunywa, umeme wa hospitali, ardhi anayolima, barabara anayopita, na nani mwenye funguo za vyote hivyo. Ukimpa mtu dawa huku mwingine ameshika funguo, umemtibu leo na kumrudisha palepale alipougulia.

Chukua maji. Gaza ina ukubwa wa kilomita za mraba 365 hivi, na watu zaidi ya milioni mbili. Maji yake ya ardhini yamevutwa kupita kiasi mpaka bahari ikaingia ndani, na maji ya chooni yakapenya. Miaka kabla ya vita hivi, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshasema kwamba zaidi ya asilimia 90 ya maji hayo hayafai kunywewa. Suluhisho lilijulikana: mitambo ya kusafisha majitaka na kuondoa chumvi. Lakini mtambo unataka umeme, na tangu mzingiro wa Israel uanze mwaka 2007 umeme ulikuwa wa saa kwa saa. Mtambo unataka pampu, mabomba na vipuri, na vingi viliwekwa kwenye orodha ya bidhaa ambazo Israel inasema zinaweza kutumika pia kivita, hivyo vinakaa mpakani kusubiri. Ukingo wa Magharibi, amri ya kijeshi namba 158 ya mwaka 1967 inamlazimu Mpalestina kupata kibali ili achimbe kisima au ajenge mtambo wowote wa maji. Katika vilima vya kusini mwa Hebron wafugaji wamebomolewa matangi ya kukingia mvua kwa kukosa hicho kibali, na jirani yao, mlowezi wa Kiisraeli, ana bomba linalotiririka.

Msomi wa Marekani Sara Roy, ambaye wazazi wake walinusurika maangamizi ya Wayahudi Ulaya, ameichunguza Gaza tangu miaka ya 1980. Anakataa kuiita masikini au nchi iliyochelewa kuendelea. Hoja yake ni kwamba uwezo wake wa kuendelea umevunjwa hatua kwa hatua na kwa sera. Hospitali za Gaza hazikuwa dhaifu kwa kukosa madaktari. Madaktari walikuwepo, tena hodari. Zilizuiwa kukomaa.

Sasa, je, kuuita huu ukoloni ni kutia chumvi? Wapo wanaosema ni mgogoro wa mataifa mawili, na kwamba neno ukoloni linapotosha, hasa kwa kuwa Wayahudi wana historia yao katika ardhi ile na walikimbilia pale kutoka kwenye mauaji ya kutisha. Historia hiyo ni ya kweli, na mtu asiikanushe. Lakini sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulitambua jambo hili haraka. Mwaka 1903 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwapa viongozi wa Kizayuni, vuguvugu lililowatafutia Wayahudi nchi yao, wazo la kuhamia nyanda za Uasin Gishu, Kenya ya leo. Historia inauita mpango wa Uganda, kwa kuwa eneo lile lilikuwa limetoka tu kumegwa kutoka Uganda. Wanandi na wenzao hawakuulizwa. Mkutano wa Kizayuni uliukataa mpango huo mwaka 1905. Oktoba mwaka huohuo ofisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen alimuua kwa risasi Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika kikao kilichoitishwa kuwa cha mapatano. Meinertzhagen huyohuyo baadaye alikuwa ofisa wa ujasusi wa jeshi la Uingereza lililoiteka Palestina mwaka 1917, kisha akawa ofisa mkuu wa siasa kule. Mwaka 1917 huohuo Uingereza ikaahidi makao ya kitaifa ya Wayahudi katika nchi ambayo Waarabu walikuwa wengi mno, nao pia hawakuulizwa. Mkono uliogawa ni mmoja.

Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia, na hawakuruhusiwa kurudi. Mwaka 1967 Israel iliteka Ukingo wa Magharibi, Yerusalemu Mashariki na Gaza. Leo walowezi kama 700,000 wanaishi katika Ukingo wa Magharibi na Yerusalemu Mashariki. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba ukaliaji huo ni kinyume cha sheria na uishe. Kuhusu Gaza, ambako Israel iliondoa askari na walowezi mwaka 2005, mahakama ilisema wajibu wake haukuisha, unaendelea kwa kadiri ya udhibiti iliobaki nao. Wajibu huo si wa hisani. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kifungu cha 56, unamtaka mkaliaji ahakikishe hospitali na afya ya umma vinaendelea.

Kisha ikaja Oktoba 2023. Tarehe 7 wapiganaji wa Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200 ndani ya Israel, wengi wao raia, na kuteka 251. Ni uhalifu, na kuusema hivyo hakumpunguzii Mpalestina haki yoyote. Kilichofuata Gaza kimeua, kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko hadi mwisho wa Novemba 2025, zaidi ya watu 70,000.

Hospitali kubwa ya Gaza inaitwa Al-Shifa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa: ni shifaa ileile tunayomwombea mgonjwa. Novemba 2023 jenereta zake zilikosa mafuta. Watoto njiti wakatolewa kwenye mashine zao, wakalazwa ubavu kwa ubavu kitandani kama mikate, ili angalau wapashane joto. Wengine walikufa. Tarehe 19 Novemba 31 waliobaki walihamishwa na WHO na Hilali Nyekundu ya Palestina, ndugu wa Msalaba Mwekundu. Mwaka uliofuata, baada ya jeshi kuivamia tena kwa wiki mbili kuanzia Machi 18, WHO iliingia ikakuta gamba tupu lililoungua, na makaburi uani. Israel ilisema Hamas waliitumia hospitali. Sheria ina jibu kwa hoja hiyo: hospitali hupoteza ulinzi pale tu inapotumika kumdhuru adui nje ya kazi yake ya tiba, na hata hapo lazima litolewe onyo na muda wa kutosha, na uzito wa madhara kwa raia upimwe. Na hata hivyo mtoto njiti hajapoteza ulinzi wake.

Hospitali pekee ya saratani ya Gaza, ile ya urafiki wa Kituruki na Kipalestina, ilisimama Novemba 1, 2023 kwa kukosa mafuta. Machi 2025 jeshi la Israel likailipua. Wagonjwa wa saratani wa Gaza walibaki bila hospitali ndani na bila njia ya kutoka nje.

Tarehe 23 Machi 2025, Rafah, wahudumu wa dharura na uokoaji 15 waliuawa wakienda kuwatafuta wenzao: wanane wa Hilali Nyekundu, sita wa zimamoto na uokoaji, mmoja wa Umoja wa Mataifa. Walikutwa wamefukiwa mchangani pamoja na magari yao. Jeshi lilisema kwanza kwamba magari yalikuja bila taa. Simu ya mmoja wa marehemu ilikuwa imerekodi kila kitu: taa zinawaka, vimulimuli vyekundu vinazunguka. Jeshi likakiri makosa.

Kuna kisa kimoja ninachokirudia kwa kila anayeniambia Gaza haiwezekani. Agosti 2024 mtoto wa miezi kumi huko Deir al-Balah alipooza kwa polio, mgonjwa wa kwanza baada ya miaka 25. Septemba vita vilisimamishwa kwa saa kadhaa kila siku, eneo baada ya eneo. Wahudumu wa Kipalestina, wengi wakiishi mahemani, walibeba makasha ya baridi na kuwapa matone watoto wapatao 560,000 katika muda usiofika wiki mbili. Mikono ilikuwepo, maarifa yalikuwepo, imani ya akina mama ilikuwepo. Kilichohitajika ni bomu kunyamaza.

Imani hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique aliyefanya kazi Blida, Algeria, kati ya 1953 na 1956, aliona jinsi mtu aliyetawaliwa anavyomkwepa daktari anayeingia kijijini na askari, na jinsi mtu huyohuyo anavyoipokea dawa ileile ikiletwa na watu wake. Wapalestina walilijua hilo kwa vitendo. Hilali Nyekundu yao iliundwa 1968, ikahudumia kambi za wakimbizi wakati hawakuwa na serikali. Mwaka 1979 madaktari vijana, akiwemo Mustafa Barghouti, walianza kamati za tiba zilizopanda vijijini kwa kujitolea, na katika Intifada ya 1987, maasi ya Wapalestina dhidi ya ukaliaji, kamati hizo zikawa uti wa mgongo wa jamii. Mwaka 1990 Eyad el-Sarraj alianzisha huduma ya afya ya akili Gaza. Na Samah Jabr, aliyeongoza kitengo cha afya ya akili cha wizara, amewafundisha wenzake wa nje jambo gumu: ugonjwa unaoitwa wa msongo wa baada ya kiwewe haumtoshi mgonjwa wake, kwa sababu "baada" yenyewe haijafika. Anazungumzia sumud, kubaki, kusimama imara. Nesi anayerudi zamu baada ya kumzika mwanawe anaikabili nguvu inayotaka pasiwe na mtu wa kubaki. Hussam Abu Safiya, mkurugenzi wa hospitali ya Kamal Adwan, alimpoteza mwanawe Oktoba 2024, akabaki na wagonjwa wake, akakamatwa na jeshi la Israel Desemba 27. Adnan al-Bursh, mkuu wa upasuaji wa mifupa wa Al-Shifa, alifia kizuizini Aprili 2024.

Hapa ndipo msaada na mshikamano vinapoachana. Msaada unauliza: mnahitaji nini? Mshikamano unauliza pia: nani anawanyima? Sisi hatuhitaji kufundishwa tofauti hiyo. Mtwara palikuwa na hospitali ya FRELIMO iliyoitwa kwa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa mwaka 1968 katika vita vya ukombozi. Mazimbu, Morogoro, ANC ya Afrika Kusini walikuwa na hospitali yao iliyojengwa kwa nguvu za wafadhili wa Uholanzi, na jina lake lilibeba neno hilihili, mshikamano. Majeruhi wa Msumbiji aliyevushwa Ruvuma alitibiwa bila mtu kujifanya hajui jeraha limetoka wapi. Mwaka 1973 Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilivunja uhusiano na Israel.

Na kuna somo la Afrika Kusini lenyewe. Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi, alipokufa Septemba 12, 1977 baada ya kupigwa na polisi, madaktari wa serikali walikuwa wamemwona na kunyamaza. Chama cha madaktari cha nchi ile kiliwalinda. Mwaka 1981 chama hicho kikarudishwa kwenye chama cha madaktari duniani kana kwamba hakuna lililotokea, na mwaka uliofuata madaktari wenye dhamiri wakaunda chama chao, NAMDA. Mabishano tunayoyasikia leo, kwamba daktari asiingize siasa wodini, yalisemwa yote wakati ule. Siasa ilishaingia wodini kabla ya daktari, ikiwa na pingu.

Mshikamano huu haumhitaji mtu amchukie Myahudi. Anayefanya hivyo ameikosa njia tangu mwanzo. Shirika la madaktari wa Israel la haki za binadamu, lililoanzishwa 1988, limekuwa likiwatibu na kuwatetea Wapalestina kwa miongo. Julai 2025 lilitoa uchambuzi wake wa jinsi mfumo wa afya wa Gaza ulivyobomolewa kipande kwa kipande, likahitimisha kuwa ni mauaji ya kimbari. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilifika hitimisho hilohilo Septemba. Serikali ya Israel inalikanusha.

Kwa mhudumu wa afya wa Muhimbili, Kenyatta au Mulago, hili linagusa kazi yake moja kwa moja. Wenzake wako kizuizini, na chama chake cha kitaaluma kinaweza kuuliza wako wapi, kwa majina. Jina la mtu aliyefungwa likitajwa na wenzake wa ng'ambo mara kwa mara, anayemshika anajua anahesabiwa. Akiandika makala au kuandaa mkutano wa kisayansi, anaweza kumwalika daktari wa Gaza kama mwalimu, kwani hakuna duniani anayejua zaidi yake upasuaji wa mtoto bila umeme. Na anaweza kukataa lugha ya "janga la kibinadamu" inayoongelea njaa kama mvua ya mawe. Agosti 22, 2025 njaa ilipothibitishwa rasmi katika mkoa wa Gaza, malori ya chakula yalikuwa yamejipanga ng'ambo ya uzio.

Usitishaji mapigano ulianza Oktoba 10, 2025. Wagonjwa zaidi ya 15,000 walikuwa wakisubiri kutolewa Gaza kwenda kutibiwa nje. Wanaofanikiwa hupelekwa Misri, Emarati, Ulaya, kwa makundi madogo. Mashine za mionzi za Augusta Victoria bado zipo juu ya Mlima wa Mizeituni, wahudumu wake wapo, na WHO imeomba tena na tena kwamba njia ya rufaa ya kwenda huko, zile kilomita 80, ifunguliwe.